Julius Hirsch, Mchezaji wa Karlsruhe

Hapa kwetu Pasiansi mpira wa miguu si jambo la kufundishwa mtu. Uwanja wa Kirumba uko karibu, na wazee wetu wanazikumbuka siku ambazo Pamba ya Mwanza ilikuwa bingwa wa Tanzania Bara, mwaka 1990. Wanaukumbuka vile vile uchungu wa mwaka 2001, timu hiyo iliposhuka daraja, ikakaa chini zaidi ya miaka 20 mpaka iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024. Kwa hiyo habari ya timu iliyopanda juu kisha ikashuka si ngeni kwetu.

Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari ya klabu nyingine, iliyo mbali sana, katika nchi ya Ujerumani. Hiyo nayo ilikuwa bingwa wa nchi nzima, kisha ikashuka, na mpaka leo haijarudi juu. Watu wengi wangekwisha kuisahau kama si kwa ajili ya mtu mmoja aliyeichezea tangu utoto wake. Mtu huyo ni Julius Hirsch, na haya ndiyo maisha yake.

Kusini-magharibi mwa Ujerumani, karibu na mto Rhine na mpaka wa Ufaransa, uko mji uitwao Karlsruhe. Zamani za mwisho wa karne ya 19 vijana wa shule wa mji huo walifundishwa mazoezi ya viungo, lakini mpira wa miguu ulihesabiwa kuwa mchezo wa kigeni, mchezo wa Waingereza, nao wakubwa wengi hawakuupenda. Hata hivyo alikuwako mwanafunzi mmoja aliyeupenda kupita kiasi. Jina lake Walther Bensemann, mtoto wa Kiyahudi. Huyo aliwakusanya wenzake, akawafundisha kucheza, na tarehe 16 Novemba 1891, alipokuwa na umri wa miaka 18 tu, akaanzisha klabu iitwayo Karlsruher Fußballverein. Kwa kifupi watu waliiita KFV, nasi tutaiita hivyo hivyo. Wasomaji vijana wakumbuke jambo hili: klabu hiyo haikuanzishwa na matajiri wala serikali. Ilianzishwa na kijana ambaye juzi tu alikuwa ameketi darasani.

Miezi michache tu baada ya klabu kuanza, tarehe 7 Aprili 1892, Julius Hirsch alizaliwa katika mji mdogo wa Achern, usio mbali na Karlsruhe. Alikuwa mtoto wa saba wa mfanyabiashara wa Kiyahudi. Wakati ule Wayahudi wa Ujerumani walikuwa raia kama raia wengine. Waliishi na jirani zao Wakristo, wakasoma nao shule moja, wakanunua na kuuza sokoni pamoja. Julius alikua kama mtoto yeyote wa Kijerumani wa mji wake. Mwaka 1902, alipokuwa na umri wa miaka 10, aliingia KFV. Alipomaliza shule akawekwa kwa wafanyabiashara wa ngozi ili ajifunze kazi, kwa maana siku zile mpira haukuwa na mshahara. Mchezaji alifanya kazi yake mchana, na mpira ulikuwa furaha yake ya jioni na ya Jumapili.

Hirsch hakuwa mtu mrefu, lakini alikuwa mwepesi, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na nguvu nyingi. Mwalimu wa timu alikuwa Mwingereza, William Townley, aliyewafundisha vijana wake kupeana mpira chini kwa chini, upesi, bila kuupiga ovyo juu. Mwaka 1909 mwalimu huyo akamtia Hirsch katika timu ya kwanza, naye alikuwa bado na miaka 17. Alicheza mstari wa mbele, upande wa kushoto. Katikati alikuwako Gottfried Fuchs, naye pia Myahudi, na upande wa kulia Fritz Förderer. Watatu hao walijuana kama vidole vya mkono mmoja. Walisifiwa katika Ujerumani yote.

Mji wa Karlsruhe ulikuwa na klabu nyingine kubwa iitwayo Phönix, na hiyo ndiyo iliyokuwa bingwa wa Ujerumani mwaka 1909. Mwaka 1910 jirani hao wawili walikutana katika nusu ya mwisho ya mashindano, na KFV ikashinda kwa magoli 2 kwa 1. Ndipo ikaenda Cologne kwa mchezo wa mwisho, tarehe 15 Mei 1910, kupambana na Holstein Kiel, timu ya kaskazini. Dakika 90 zilikwisha bila goli. Wakaongezewa muda, na katika muda huo KFV ikapata penalti, Max Breunig akaipiga, ikaingia. Basi timu iliyoanzishwa na mwanafunzi ikawa bingwa wa nchi nzima, na Hirsch, mwenye umri wa miaka 18, akawa mmoja wa mabingwa. Mwaka huo Mwanza yetu ilikuwa bado chini ya utawala wa Wajerumani hao hao.

Mwezi wa Desemba 1911 Hirsch alichaguliwa kuichezea timu ya taifa la Ujerumani. Yeye na Fuchs walikuwa Wayahudi wa kwanza kuchaguliwa hivyo. Tarehe 24 Machi 1912 Ujerumani ilicheza na Uholanzi katika mji wa Zwolle. Mchezo ulikwisha kwa magoli 5 kwa 5, na katika matano ya Ujerumani, manne aliyafunga Hirsch. Kabla yake hakuna Mjerumani aliyewahi kufunga magoli manne katika mchezo mmoja wa mataifa. Mwaka huo huo wote wawili walikwenda Stockholm kwenye michezo ya Olimpiki, na huko tarehe 1 Julai Fuchs alifunga magoli 10 katika mchezo na Urusi, Ujerumani iliposhinda kwa 16 kwa 0. Kwa jumla Hirsch aliichezea nchi yake mara 7.

Mwaka 1913 alihamia mji wa Fürth kwa kazi, akaichezea klabu ya huko, SpVgg Fürth, ambayo nayo ilikuwa ikifundishwa na Townley. Tarehe 31 Mei 1914 Fürth ilicheza mchezo wa mwisho na VfB Leipzig, bingwa wa mwaka uliotangulia. Mchezo huo uliendelea zaidi ya saa mbili na nusu kwa sababu ya muda wa kuongezwa, mpaka Fürth ikapata goli la tatu na kushinda kwa 3 kwa 2. Hivyo Hirsch akawa bingwa wa Ujerumani mara ya pili, na klabu ya pili.

Miezi michache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ilianza. Wasomaji wetu wanajua kuwa vita hivyo vilifika mpaka kwetu, maana mwezi wa Julai 1916 Waingereza waliuteka mji wa Mwanza kutoka kwa Wajerumani. Huko Ulaya Hirsch alikuwa askari katika jeshi la Ujerumani kwa muda wa miaka minne, akapewa nishani ya Msalaba wa Chuma. Ndugu yake Leopold, aliyekuwa askari pia, aliuawa vitani mwaka 1918. Hivyo nyumba ya mzee Hirsch ililipa kodi ya damu kwa ajili ya Ujerumani, kama zilivyolipa nyumba nyingi nyingine.

Vita vilipokwisha Hirsch alirudi Karlsruhe na kwenye klabu yake ya utotoni. Mwaka 1920 alimwoa Ella Hauser, mwanamke Mkristo, wakajaliwa watoto wawili, Heinold aliyezaliwa mwaka 1922 na Esther aliyezaliwa mwaka 1928. Mwaka 1923 akaacha kucheza, lakini hakuiacha KFV. Aliendelea kuwa mwanachama na kuwasaidia vijana. Riziki yake aliipata katika kiwanda cha jamaa yake kilichoshona bendera. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka ile, mtu wa makamo, mwenye mke na watoto, anayejulikana mjini na kuheshimiwa na wapenzi wa mpira.

Ndipo ukaja mwaka 1933. Siku za mwisho za Januari mwaka huo Adolf Hitler alishika serikali ya Ujerumani pamoja na chama chake cha Wanazi. Watu hawa walifundisha kuwa taabu zote za nchi zililetwa na Wayahudi. Wayahudi wenyewe walikuwa nusu milioni hivi, hawakufika hata mmoja katika kila watu 100. Lakini uongo ukisemwa kila siku, katika magazeti na redioni na mikutanoni, wako watakaouamini, na wako wengi zaidi ambao hawauamini lakini hunyamaza kimya.

Tarehe 9 Aprili 1933 klabu 14 kubwa za kusini mwa Ujerumani zilitoa tamko. Zilisema zinaiunga mkono serikali mpya kwa moyo, na kwamba ziko tayari kuondoa Wayahudi katika klabu za michezo. Angalieni, wasomaji, sheria ya kuzilazimisha ilikuwa bado haijatolewa. Miongoni mwa klabu hizo ilikuwamo Bayern ya München, ambayo vijana wetu wanaijua sana leo. Ilikuwamo Fürth, ambayo Hirsch aliipatia ubingwa. Tena ilikuwamo KFV, klabu iliyoanzishwa na Myahudi, na kutukuzwa kwa magoli ya Wayahudi wawili. Wahenga walisema kuwa fadhila ya punda ni mateke.

Kesho yake Hirsch alisoma habari hiyo gazetini. Siku hiyo hiyo, tarehe 10 Aprili, akaketi akaiandikia klabu yake barua. Aliwaambia kuwa ameyasoma maneno hayo, na kwamba yeye ni mwanachama tangu mwaka 1902, na kwa uchungu mwingi anajiondoa. Lakini aliongeza neno moja. Aliwataka wasisahau kuwa katika kundi hili linalochukiwa sasa wako watu wema, wapenda nchi, ambao wamelithibitisha pendo lao kwa matendo na kwa damu waliyoimwaga. Hakutukana mtu, wala hakuomba ahurumiwe. Alikuwa amekaa katika klabu hiyo miaka 31.

Mwaka huo huo kiwanda cha jamaa yake kilifilisika. Hirsch akawa mtu wa kutafuta kazi. Kwa muda alifundisha mpira katika sehemu ya Alsace, upande wa Ufaransa, kisha akarudi Karlsruhe, akafanya kazi ya karani katika kiwanda cha Wayahudi wenzake, na akawafundisha mpira vijana wa klabu ya Kiyahudi ya mji ule, maana vijana hao hawakuwa tena na mahali pengine pa kucheza. Mtu aliyefunga magoli manne kwa ajili ya taifa sasa aliwafundisha watoto waliofukuzwa katika viwanja vya taifa hilo hilo.

Kila mwaka sheria mpya zilitoka, na kila sheria ilikata kipande cha maisha ya Wayahudi. Walifukuzwa kazini na shuleni, wakanyang'anywa mali, wakakatazwa hata kuketi kwenye viti vya bustani. Mwaka 1938, akiwa safarini katika nchi ya Ufaransa, huzuni ilimzidi Hirsch, akajaribu kujitoa uhai. Aliokolewa, akatibiwa hospitalini siku nyingi, kisha akarudi kwa mke na watoto wake. Baadaye yeye na mkewe walipeana talaka mbele ya serikali, na inaelezwa kuwa nia yake ilikuwa kuwakinga Ella na watoto wasipatwe na yaliyokuwa yakimjia yeye. Naye akalazimishwa kufanya kazi ya sulubu kwenye jalala la mji.

Hata jina lake lilianza kufutwa. Lilikuwako gazeti la mpira liitwalo Kicker, ambalo lilianzishwa mwaka 1920 na yule yule Walther Bensemann aliyeanzisha KFV. Bensemann mwenyewe alikuwa amekwisha kukimbilia Uswisi, akafa huko mwaka 1934. Basi mwaka 1939 gazeti hilo lilitoa kitabu cha picha za wachezaji wote waliowahi kuichezea Ujerumani. Picha mbili zilikosekana, ya Fuchs na ya Hirsch. Fuchs alikuwa amewahi kuikimbia nchi, akafika Kanada, akaishi huko mpaka alipokufa mwaka 1972. Hirsch hakukimbia.

Tarehe 1 Machi 1943 aliamriwa kufika kwenye stesheni ya gari la moshi ya Karlsruhe. Binti yake Esther alimsindikiza. Mtoto huyo alikuwa karibu kutimiza miaka 15. Siku mbili baadaye kadi ndogo ya posta ilitiwa muhuri katika mji wa Dortmund. Ilikuwa imeandikwa na baba kumpongeza binti yake kwa siku ya kuzaliwa, na kuwaambia wa nyumbani kuwa safari imekwenda salama. Gari hilo la moshi lilikuwa likienda Auschwitz, kambi iliyojengwa na Wanazi katika nchi ya Poland waliyoiteka, ambako waliua watu zaidi ya milioni 1. Baada ya kadi ile hakuna neno lingine lililopatikana kutoka kwa Julius Hirsch. Kaburi hana. Mwaka 1950 mahakama ya Karlsruhe ilitangaza kuwa ahesabiwe kufa tangu tarehe 8 Mei 1945, siku vita vilipokwisha Ulaya.

Wale watoto wawili nao hawakuachwa. Mwezi wa Februari 1945, vita vikiwa karibu kwisha, Heinold na Esther walichukuliwa wakapelekwa kambi ya Theresienstadt. Kwa bahati njema kambi hiyo ilikombolewa mwezi wa Mei, wakarudi kwa mama yao wakiwa hai. Jumla ya Wayahudi waliouawa na Wanazi ni kama milioni 6.

Na KFV je? Baada ya vita ilicheza kwa muda mfupi katika ligi ya juu ya kusini, ikashuka mwaka 1947, wala haikurudi tena. Jirani yake Phönix iliungana na klabu nyingine mwaka 1952, ikazaliwa Karlsruher SC, ambayo ndiyo timu kubwa ya mji huo leo. KFV ilibaki katika madaraja ya chini, mwaka hadi mwaka. Mwanzoni mwa karne hii iliishiwa fedha, ikaacha kucheza, kisha ikaanza upya chini kabisa. Leo bingwa wa mwaka 1910 anacheza mbele ya watazamaji wachache, katika michezo ambayo magazeti makubwa hayaitaji. Hatusemi kuwa ilishuka kwa sababu ya tamko lile la 1933. Timu hushuka kwa sababu nyingi, kama sisi watu wa Mwanza tunavyojua. Bayern nayo ilitia jina lake, na imepanda mpaka juu.

Lakini lile jina lililofutwa limerudi. Tangu mwaka 2005 chama cha mpira cha Ujerumani hutoa kila mwaka Tuzo ya Julius Hirsch kwa watu na klabu zinazopinga ubaguzi katika mchezo. Katika Karlsruhe iko barabara yenye jina lake. Jina jema hung'ara gizani.

Basi, wasomaji wetu, twaweza kujifunza nini? Mara nyingi tukisikia habari za maovu makubwa twadhani yalianza kwa bunduki. Kwa Julius Hirsch yalianza kwa karatasi. Wakuu wa klabu, watu waliompigia makofi, waliotia mikono yao kwenye mikono yake baada ya ushindi, walikubali jina la klabu litiwe kwenye tamko. Labda walijiambia kuwa ni maneno tu, kuwa bora kuipendeza serikali mpya, kuwa mtu mmoja si kitu. Miaka kumi baadaye mtu huyo akapanda gari la moshi peke yake.

Sisi shuleni hatuna mamlaka makubwa, lakini tuna orodha zetu. Kapteni huandika orodha ya timu, kiranja huandika majina, walimu na wazazi nao wana zao. Mtoto aweza kuachwa nje kwa sababu hajui kucheza, na hiyo ni haki ya mchezo. Lakini akiachwa kwa sababu ya kabila lake, au dini yake, au umaskini wa nyumba yao, kila mmoja aliyeiona orodha hiyo akanyamaza ametia mkono wake. Walther Bensemann alipowakusanya wenzake uwanjani hakumwuliza mtu baba yake ni nani. Alimwuliza kama anataka kucheza. Klabu iliyosahau swali hilo ilimpoteza mchezaji wake bora, na mpaka leo haiwezi kusimulia ushindi wake wa 1910 bila kusimulia pia habari ya 1933.